Jina Kwanza, Picha Baadaye

Ijulikane kwa watu wote wa Kentucky, Ohio na New York, kwa waliolala na kwa walio kazini zamu ya usiku, kwamba Rwema mwana wa Azarias, Bingwa Mkuu wa Mizaha katika shule ya bweni, Mtesi wa Wapishi na Kiboko cha Walimu wa Zamu, hakuwahi kuogopa kitu chochote tangu alipotoka tumboni mwa mama yake. Tangazo hili lilikuwa la kweli kabisa mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mchana, pale Newburg, mjini Louisville, alipomwona baba yake akizima jiko wakati maharagwe hayajaiva.

Azarias hakuwa mtu wa kuacha maharagwe. Wiki nzima alikuwa akisukuma maboksi katika ghala huko Jeffersontown, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya kupika polepole, miguuni ndala, mdomoni wimbo wa kwaya. Sasa alikuwa amesimama katikati ya sebule bila wimbo wowote, ameshika kadi ya posta kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota nyoka bila kujua kama amekufa.

"Haiko na jina, mama?" aliuliza.

"Haiko," alijibu bibi yake Rwema. "Nimeigeuza na kuigeuza. Haiko."

Kadi yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa na maporomoko ya Niagara, maji meupe yakimwagika, na upinde wa mvua umesimama juu yake kama mlango wa harusi. Nyuma paliandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda: TUNAIJUA NYUMBA YENU. JIANDAENI. TUNAKUJA.

Rwema, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, alizifahamu herufi hizo moja moja. Alikuwa ameziandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ndani ya choo, mlango ukiwa na komeo.

Bibi yake aliitwa Kabanyana, lakini nyumbani wote walimwita Nyogokuru, yaani bibi, kwa lugha ya milimani kwao, Kivu Kusini. Ndiye aliyemlea Rwema tangu mama yake afariki kambini. Na Nyogokuru alikuwa na dunia nzima ndani ya mkebe wa biskuti. Alianza kukusanya kadi za posta huko huko kambini, Burundi, pale nesi mmoja kutoka Kanada alipomwachia kibunda cha kadi za Niagara zinazofanana zote, kwa kuwa hakuwa na zawadi nyingine. Baadaye watu wa kanisa lao wakatawanywa na ndege, huyu Norway, yule Australia, mwingine Nairobi, na kila aliyetua mahali alitumiwa salamu na ombi moja: nitumie picha ya kitu wanachojivunia hapo.

Zikaja. Piramidi za Misri, mnara wa Paris, ukuta wa China, lile jiwe kubwa jekundu la Australia. Nyogokuru alizipima zote kwa kipimo cha mfugaji. Piramidi alizikataa papo hapo: "Ng'ombe atakula nini hapa?" Mnara wa Paris ulimsikitisha, mrefu hivyo na hauna kivuli. Milima ya Uswisi, yenye majani mpaka mlangoni, aliisifu wiki nzima. "Hawa ni watu," alisema.

Mkebe ulikuwa na sheria moja: jina kwanza, picha baadaye. Kadi ikifika, Nyogokuru aliifunika picha kwa kiganja, akampa mtu asome jina la aliyetuma. Jina likisomwa, alilirudia, akamwombea mwenye jina hilo, ndipo akaondoa kiganja. Hata siku kadi ya Umutoni, mmoja wa watu wa kanisa lao, ilipofika kutoka Norway, na waliochungulia pembeni wakapiga kelele kwa uzuri wa mlima, kiganja hakikusogea.

Kwa Rwema sheria hiyo ilikuwa uzio unaoomba kurukwa. Alisoma kwa ufadhili katika shule moja ya bweni ndani ya misitu ya Kentucky, ambako mchana alifundishwa Kilatini na namna ya kukunja kitambaa cha mezani, na kwa muda wake mwenyewe alijifunza elimu ya maana, kama vile kuficha saa ya kengele ndani ya kinanda cha kanisa, au kumwandikia mpishi mkuu barua kali kutoka Wizara ya Viazi. Alipokuja likizo alijua kwamba baba mkubwa Theogene na binti yake Isimbi, wa Buffalo, walipanga kuja mwezi wa nane bila kumwambia mtu. Kwa hiyo maneno ya kwenye kadi yalikuwa ya kweli tupu. Waliijua nyumba. Walikuwa wanakuja. Rwema alichomoa kadi mbili tupu za Niagara chini kabisa ya mkebe, akaandika moja ya nyumbani na nyingine ya shangazi yake Spés wa Columbus, akampelekea Isimbi ili azitume kutoka kwao. Nyogokuru angehangaika siku chache akiulizia jina, wageni wangefika, na Rwema angejitokeza na kuinama mbele ya umati. Ulikuwa mzaha wa hali ya juu.

Sasa jiko lilikuwa limezimwa.

"Baba, labda ni mtu anacheza," alisema kwa Kiingereza, lugha aliyoitumia kila alipotaka kuonekana hana wasiwasi.

Azarias alinyoosha mkono. "Simu," alisema. "Zote. Leteni." Akazizima, akabakiza yake.

"Tuite polisi?"

"Nibaambie nini? Kwamba maji ya Niagara yametutisha?" Aligeuka kwa mama yake. "Bon. Mama, vaa viatu. Tunaenda kwa Spés."

Nyogokuru alikuwa ameshavaa.

Hilo ndilo lililompiga Rwema kifuani. Hakuna aliyepiga kelele wala kukimbia. Baba yake alifunga mapazia, akaacha redio inaongea na taa moja inawaka ili nyumba ionekane ina watu. Nyogokuru alikusanya bahasha ya karatasi za uhamiaji, blanketi, chupa za maji, na mkate, katika mpangilio ambao hakuhitaji kuufikiria. Mikono yao ilikuwa inaijua kazi hii. Rwema alikuwa ameishi nao miaka yake yote na hakuwahi kuiona.

"Mume wangu," alisema Nyogokuru, kwa maana hivyo ndivyo alivyomtania tangu akiwa mchanga, "wewe utabeba dunia." Akamwekea mkebe mikononi.

Walipofika daraja la Cincinnati, Rwema alikuwa ametunga hotuba ya kukiri. Ilianza na "Waheshimiwa wazazi" na ilikuwa na sehemu nzuri katikati. Akafungua mdomo. Akaona shingo ya baba yake inatiririka jasho, na kiyoyozi kilikuwa kinapuliza kwa nguvu. Akaufunga.

"Lori hili," alisema Azarias, macho kwenye kioo. "Liko nyuma yetu tangu zamani."

"Ni lori tu, baba."

"Kila kitu ni kitu tu, mpaka kisimame mlangoni."

Akakata kona ghafla, akaingia kituo cha mafuta, akazima injini. Wakakaa kimya, vichwa chini. Lori likapita, limejaa vitunguu, likaenda zake. Rwema ndiye mtu pekee ndani ya gari lile aliyejua kwamba adui hayupo. Walipoingia tena barabarani, aligeuka kuangalia nyuma. Akageuka tena. 

Columbus, shangazi Spés alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa bado na sare yake ya kazi, ile anayovaa akiwahudumia wazee, na mkononi alikuwa na maporomoko ya Niagara.

"Imekuja leo," alisema. "Kaka, imekuja leo."

NA NINYI PIA, ilisema kadi.

Wakati anaandika, Rwema alicheka mpaka akauma taulo. Sasa alisoma maneno hayo juu ya bega la shangazi yake, na yalikuwa yameandikwa na mtu asiyemfahamu.

Azarias aliziweka kadi mbili pamoja, akainamia muhuri wa posta. "Buffalo," alisema. "Zote mbili zimetoka Buffalo."

"Theogene!" alisema Spés.

Wakampigia. Hakupokea. Wakampigia Isimbi. Simu iliita mpaka ikachoka. Wakapiga tena.

"Wako karibu naye," alisema Azarias. Hakupaza sauti. "Ao wameshafika."

Spés alianza kulia bila sauti huku akitafuta funguo. Rwema alisikia mwenyewe akisema, "Labda wamelala," lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza.

"Nipe hiyo ya kwako," Nyogokuru alimwambia binti yake.

Aliipokea kadi ya Columbus, akaipitishia kidole gumba pembeni, polepole, kona hadi kona. Kidole kikasimama kwenye kona moja. Akaileta karibu na macho. Akainusa.

"Fungua mkebe, Rwema."

Hakusema mume wangu. Alisema Rwema, kama mwalimu anayeita majina.

Akaufungua. Nyogokuru aliinua Uswisi, akainua Misri na China, mpaka akafika chini, akagusa pale kwa kidole. Kisha akarudisha dunia yote mahali pake na kufunga.

"Adui amekula nyumbani kwangu," alisema.

"Unasema nini, mama?"

"Nasema twende kwa Theogene. Mimi nitakaa nyuma, na huyu."

Barabara ilifuata Ziwa Erie, jua likizama upande wa maji, na Rwema hakuona hata kipande cha ziwa. Mbele baba yake aliendesha, shangazi Spés pembeni yake akipiga simu na kukata, akipiga na kukata. Nyogokuru aliongea kwa sauti ya chini, kwa ajili ya sikio moja tu.

"Unajua kwa nini ninataka jina kwanza?"

"Kwa heshima?"

"Heshima!" Alitoa pumzi puani. "Milimani karatasi ilikuja asubuhi, imewekwa chini ya jiwe kwenye mlango wa zizi. Ilisema tunaijua nyumba yenu. Ilisema mjiandae. Haikuwa na jina. Babu yako Sebineza aliisoma, akacheka. Alikuwa anapenda kucheka, kama wewe. Akawashia nayo kiko. Akaniambia, Kabanyana, asiye na jina hana miguu."

 Gari lilipita chini ya daraja, kukawa giza, kukawa mwanga.

"Waliokuja walikuwa na miguu," alisema Nyogokuru. "Baba yako alikuwa na umri wako. Alimwona babu yako akiuawa, mimi sikumwona. Mimi nilikuwa nimeshika watoto wadogo, tunashuka bondeni. Tangu siku hiyo sisomi kitu mpaka nijue mkono ulioandika."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Nyumbani milima ilikuwa maziwa, ng'ombe wenye majina, na ukungu wa asubuhi. Rwema alimwangalia baba yake mbele, vidole vilivyoukaba usukani, na akaona kijana wa miaka kumi na sita.

"Nyogokuru," alisema.

"Ndiyo."

 Alijua kwamba akilisema jina sasa, ndani ya gari hili, baba yake atalisikia. "Labda," alisema, "ni watu wa matangazo. Wanauza vitu."

"Labda," alisema Nyogokuru, na kugeukia dirisha. Ingekuwa heri kofi.

Mtaa wa Riverside, Buffalo, ulikuwa unaingia giza, nyumba ndogo ndogo zimepangana mpaka karibu na mto. Nyumba ya Theogene haikuwa na taa. Azarias alisimamisha gari mbali kidogo, akafungua buti, akatoa spana ya magurudumu.

"Bakini ndani. Nikisema endesheni, Spés, endesha. Usiningoje."

"Kaka, usiende."

Akaenda. Mtu huyu hakuweza kuua panya pale Newburg bila kumwombea kwanza. Sasa alivuka nyasi ameinama, chuma kimelala kwenye paja, akipanda ngazi za baraza bila kutoa sauti. Akajibanza pembeni ya mlango. Ndani, hatua za miguu zikasikika zinakuja. Kitasa kikazunguka. Azarias akainua mkono.

Rwema alijiona kama mtu anayeangalia kutoka mbali. Baba mkubwa Theogene angefungua mlango, chuma kingeshuka, na yote yangekuwa yameandikwa kwa mkono wa kushoto chooni.

"Usipige!" Sauti ilimtoka kama ya mbuzi. Alikuwa amefungua mlango wa gari na kuanguka kwa magoti. "Baba, usipige! Hakuna mtu! Hakuna adui, hakuna!"

Mlango ukafunguka. Theogene alisimama pale na fulana ya ndani, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni, akijiandaa kwa zamu yake ya usiku kiwandani. Aliiangalia spana. Akaiangalia sura nyuma ya spana.

"Azarias? Ni weye? Tumekosana wapi, ndugu yangu?"

Wakashikana, wakacheka na kulia kwa pamoja, Spés akawakimbilia. Alikuwa amelala mchana kutwa, alisema Theogene, simu ameizima kama kawaida. Na Isimbi? Isimbi alikuja mlangoni mwisho, akamwona Rwema, akainama kuangalia vidole vya miguu yake mwenyewe. Alipoona jina la baba mdogo kwenye simu alikuwa ameelewa kila kitu, akaizika simu ndani ya mfuko wa mchele.

Kelele za Rwema hakuna aliyezijali. Mtoto ameogopa, walisema. Mmoja tu ndiye aliyebaki kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi, akimwangalia pale chini kwenye nyasi.

"Hakuna mtu, eh?" alisema Nyogokuru kwa upole. "Umejuaje?"

Akashuka, akaingia ndani, asingoje jibu.

Asubuhi uamuzi ulikuwa umeshapikwa na wakubwa. Azarias alisema hawarudi Newburg. Atampigia mwenye nyumba kwamba anamrudishia funguo, atapiga ghalani aache kazi. Theogene atamwuliza msimamizi wake kama kuna nafasi kiwandani. Shule ya Rwema, watatafuta nyingine. Spés naye angehama Columbus.

"Na kadi zangu," alisema Nyogokuru, "zimetembeza anwani yetu dunia nzima. Tuzipeleke majini."

Hakuna aliyembishia. Wakaenda wote mpaka ukingoni, mwisho wa mtaa, ambako mto wa Niagara unapita mpana na kimya, kama haujui kilichopo mbele yake. Nyogokuru aliketi kwenye benchi, akamkabidhi Rwema mkebe.

"Una mkono wenye nguvu. Tupa."

Juu kabisa ilikuwa Norway, ya Umutoni. Chini yake jiwe jekundu la Australia. Rwema aliishika Norway. Nyuma yake baba yake alikuwa anamwuliza Theogene kodi za nyumba hapa zikoje, na kama watu hapa wanafunga milango mchana.

"Tupa, Rwema."

Aliinua mkono. Ukakaa hewani. Upepo wa mtoni ukaitikisa kadi kama kitu kinachoomba.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Hizi hazijafanya kitu."

"Basi nani amefanya?"

Wakubwa waligeuka. Isimbi alijisogeza nyuma ya baba yake. Rwema alishusha mkono, akakohoa, akanyoosha shati. Hotuba ya Cincinnati ilikuwa bado ipo, yote, na sehemu yake nzuri katikati.

"Waheshimiwa wazazi, ndugu na jamaa," alianza, "katika safari ya mwanadamu hutokea nyakati ambazo ujana—"

"Rwema."

"—ambazo ujana, ukichanganyika na elimu—"

"Rwema," alisema Nyogokuru. "Jina kwanza."

Alitoa kutoka kwenye pindo la kitenge chake kadi ya Columbus, akamwonyesha ile kona. Karatasi pale ilikuwa imekunjamana, na ilikuwa na vishimo viwili vidogo, vimekaa pamoja.

"Haya meno ninayajua. Ulikuwa umeota mawili tu. Nilipokunyang'anya kadi hii niliwaambia wanawake wa kambini, jamani, mtoto amekula Kanada. Walicheka mpaka jioni." Hakuwa anacheka sasa. "Nilijua imetoka kwangu. Mkono sikuujua. Wageni wengi wanafungua mkebe wangu. Barabara nzima nilikaa nawe, nikuache unitajie."

Rwema alitafuta neno la Kiingereza, halikuwepo. Alitafuta mzaha. Aliogopa kugeuka kuliko alivyoogopa lori, kuliko spana. Akageuka. Baba yake alikuwa amesimama na simu mkononi, namba ya mwenye nyumba tayari kwenye kioo.

"Baba, usipige hiyo simu," alisema. "Ni mimi. Rwema mwana wa Azarias, mwana wa Sebineza. Niliziandika zote mbili, kwa mkono wa kushoto. Sikujua kuhusu babu. Hata ningejua kidogo tu... sikujua. Na jana ndani ya gari niliambiwa, nikajua, na bado nikanyamaza. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Niliiona shingo yako, baba, na nikanyamaza mpaka Buffalo."

"Stempu niliweka mimi," alisema Isimbi kutoka nyuma ya baba yake, kwa sauti ndogo.

"Yeye hakuziandika," alisema Rwema. "Andikeni jina langu."